Siku Arobaini na Saba za Velma Kemunto

Barua ya mafao ya masomo Velma aliisomea ndani ya gari langu, tukiwa tumeegesha nje ya jumba la maduka la Roseville, hapa Minnesota. Alipofika mwisho akairudia tangu juu, kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayemsomea mtoto. Barua ilimshukuru kwa utumishi wake jeshini. Halafu ikamwambia kwamba kumbukumbu zinaonyesha ametumikia miezi thelathini na tano na siku kumi, na kwa hiyo anastahili asilimia tisini.

"Wamekosea," akasema. "Mimi nina miezi thelathini na sita na zaidi. Nilikuwa huko. Najua nilirudi lini."

Nikamwambia asilimia tisini si haba. Akaniangalia kwa namna iliyonifanya niwashe gari.

Mimi na Velma tunaishi mtaa mmoja wa maghorofa na tunafanya kazi katika nyumba moja ya wazee kule Golden Valley, kwa hiyo tunasafiri pamoja, na mambo yake mengi nimeyasikia barabarani. Hili la siku zake alinieleza mara tatu kabla halijaniingia. Askari akifikisha miezi thelathini na sita kazini, serikali inamlipia masomo kwa asilimia mia. Akipungukiwa, hata kwa siku moja, anashuka hadi tisini. Kwa chuo cha serikali tofauti hiyo mtu anaweza kujikaza akaibeba. Lakini Velma alitaka chuo fulani cha binafsi huko Saint Paul, ambacho ada yake ya mwaka inakaribia dola elfu hamsini, na kwa vyuo vya binafsi serikali imeweka kiwango cha juu kisichofika elfu thelathini. Pengo linalobaki huzibwa na mpango wanaouita Yellow Ribbon, chuo kikitoa nusu na serikali nusu. Mpango huo hauwachukui watu wa asilimia tisini.

Kwa hiyo siku ishirini alizoambiwa amepungukiwa zilikuwa zinamfungia mlango mzima.

Watu walimuuliza kwa nini hakutaka tu chuo cha serikali. Waliuliza kanisani, kazini, hata kwenye foleni ya chakula katika harusi ya mtu. Baba yake, Mwalimu Naftali Omwenga, aliyefundisha shule ya msingi Nyamira kwa miaka thelathini na mmoja na sasa anaishi na Velma na wajukuu wake wawili, aliuliza kila Jumapili. Jibu lilikuwa lile lile. Chuo cha serikali kilitaka arudie karibu kila somo alilosoma chuo cha jamii, na masomo yake yalikuwa mchana, katikati ya wiki. Kile cha binafsi kilikubali masomo yake yote na kilifundisha Ijumaa jioni na Jumamosi. Mwanamke mwenye watoto wawili, baba mzee na zamu tano kwa wiki anaweza kupata Jumamosi. Jumanne saa nne asubuhi hawezi.

Na alijua anataka kusoma nini. Miaka miwili kabla ya barua ile, nyumba yetu ya wazee ilimpokea mama mmoja Mkongomani, Mama Perpétue, aliyekuwa amepigwa na kiharusi. Kiingereza alichojifunza ukubwani kilimtoka chote. Mtaalamu wa usemi, msichana mwema wa watu, akamwonyesha picha za kikombe, kijiko na mbwa, na Mama Perpétue alipojibu, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anatoa sauti zisizo na maana. Velma alikuwa akitandika kitanda cha pili.

"Hayo ni maneno," akamwambia. "Anaongea Kiswahili." Kisha akamwinamia mgonjwa. "Mama, unasemaje?"

"Depuis asubuhi niko naomba mayi ya moto," Mama Perpétue akasema, ulimi ukiwa mzito upande mmoja, "na beko nanileteya barafu. Banafikiri nimekuwa fou."

Velma akamwambia hakuna anayemwona mwendawazimu, akamletea maji ya moto. Yule mtaalamu aliona haya, akafuta alichoandika, na kwa miezi minne iliyofuata alikuwa hawezi kufanya kipindi bila kumwita Velma akae pembeni. Siku moja Velma akamuuliza alisomea wapi kazi ile. Akamtajia chuo cha Saint Paul. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Sasa ile hesabu ya miezi. Velma alijiunga na jeshi la akiba akiwa na miaka ishirini na mitano, miaka mitatu tu baada ya kuja Minnesota kwa bahati nasibu ya green card. Muda wake wa kazi ulikuwa wa vipande: mafunzo, kisha safari mbili za Kuwait, ya pili akiwa sajenti wa ghala la vipuri. Mwisho wa safari hiyo ya pili wenzao walipanda ndege kurudi nyumbani, lakini askari kumi na tisa wakaambiwa wabaki kufunga vifaa kwenye makontena. Walibaki siku arobaini na saba. Velma anazikumbuka kwa vumbi na kwa kuhesabu betri za malori.

Aliyegundua siku hizo zimeenda wapi ni Bi Solveig, mwanamke wa miaka sitini na kitu anayeshughulikia wanafunzi waliotoka jeshini pale chuoni. Alizitandaza karatasi za Velma mezani, akavaa miwani juu ya miwani.

"Cheti chako cha kuacha kazi kinaishia siku ambayo wenzako waliondoka," akasema. "Amri ya kuongezewa muda iko wapi?"

Velma hakuwa nayo. Alidhani iko kwenye kumbukumbu, kama kila kitu kingine. Bi Solveig akapiga simu, akasubiri, akaandika, akapiga nyingine. Baada ya siku tatu akamwita. Amri ilikuwepo. Ila karani aliyeipiga chapa upya kule kambini alikuwa ameandika orodha kwa majina ya ukoo, na Velma Kemunto Omwenga akamfanya Kemunto, Velma. Ukurasa wa pili, ambao ungekuwa na namba za askari, haukuwahi kuhifadhiwa. Kwa macho ya mfumo, siku arobaini na saba zilikuwa za askari mwingine, mtu asiye na namba, aliyebaki jangwani peke yake na hajulikani alirudi lini.

"Basi ni kosa dogo," Velma akasema.

Bi Solveig alivua miwani ya juu. "Makosa madogo ndiyo hukaa muda mrefu," akasema. Alikuwa ameifanya kazi ile miaka kumi na saba.

Ikaanza safari ya simu. Ofisi ya mafao ilisema haiwezi kugusa kumbukumbu za jeshi. Ofisi ya kumbukumbu ilisema marekebisho huanzia kwenye kikosi. Kikosi kilisema karani yule alishahama, na nakala zote walishazipeleka ofisi ya kumbukumbu. Velma alipiga akiwa kwenye mapumziko ya chakula, akiwa anangoja watoto, akiwa ameketi pembeni yangu barabara ya 36 huku piano ile ile ikipiga wimbo ule ule kwenye simu. Nilifika mahali nikawa naijua ile piano. Nilikuwa nikiosha vyombo nyumbani najikuta naiimba.

Siku moja kijana wa upande wa pili alimsikiliza vizuri, kwa adabu, akachapa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bibi Omwenga, naona hapa taarifa za askari Kemunto, lakini kwa sheria ya faragha siwezi kuzijadili nawe. Tafadhali mwambie apige simu mwenyewe."

Nilikuwa naendesha, nikaona mkono wake umeikamata simu kama mtu aliyeshika kuku anayetaka kuruka.

"Kemunto ni mimi," akasema.

"Naelewa, bibi. Akipiga awe na namba yake ya utumishi."

Alikata simu, akafungua dirisha. Ilikuwa Oktoba, baridi ikaingia. Nikamwacha.

Ofisi ya kumbukumbu ilitaka uthibitisho kwamba Kemunto na Omwenga ni mtu mmoja. Akapeleka pasipoti, green card ya zamani, cheti cha uraia. Wakajibu baada ya wiki tano kwamba havielezi kwa nini jina la katikati lilitumika kama la ukoo. Hapo Mwalimu Naftali akaamua kuingia vitani. Aliketi mezani siku nzima na kalamu ya wino, akaandika kurasa tatu kwa mwandiko wa ubaoni, akieleza kwamba Kemunto ni jina la mama yake mzazi, aliyefariki mwaka fulani, na kwamba kwao mtoto huitwa jina la nyanya yake, na Omwenga ni jina lake yeye baba, na kwamba hakuna kosa lolote katika jambo hilo.

"Baba, hawaulizi kama ni kosa langu," Velma akamwambia. "Wanauliza kwa nini."

"Na mimi nimewajibu kwa nini. Tangu wewe uzaliwe, Mama, hakuna aliyewahi kuniuliza." Mwalimu humwita bintiye Mama, kwa sababu ya jina hilo.

Barua ikarudi na kikaratasi kilichosema haina muhuri wa mwanasheria. Mwalimu akavaa koti na tai, akapelekwa benki, maana huku muhuri huo hupigwa hata benki, akapigiwa kila ukurasa, na barua ikaenda tena. Haikujibiwa.

Kanisani napo kulikuwa na Alfred, shemasi wetu, aliyewahi kuwa baharia wa jeshi. Yeye mafao yake ya masomo, ile GI Bill, aliyapata kwa wiki tatu na hakuacha kutuambia. "Lazima kuna mahali ulijaza vibaya," alikuwa akimwambia Velma kila tukitoka ibadani. Mara ya nne Velma akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba kama ana nafasi aje ajaze yeye. Baada ya hapo Alfred akawa anatoka kwa mlango wa pembeni. Lakini kabla ya hapo alikuwa amesema jambo moja la maana: kwamba ofisi ya mbunge ina mtu wa kuzisukuma kesi kama hizo. Velma alimpigia mtu huyo, akaitwa, akasikilizwa. Yule bwana akamwambia wazi: ninaweza kuwafanya wakusome haraka, ila lazima kuwe na kitu cha kusoma. Nitafutie nakala kamili ya amri, kurasa zote mbili.

Askari kumi na tisa. Velma aliwatafuta mmoja mmoja. Mmoja alikuwa Alaska. Wawili hawakujibu. Wengi walisema walitupa kila kitu siku waliyovua kombati. Mwishowe akabaki mtu mmoja ambaye hakutaka kumpigia.

Anaitwa Byamungu. Ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, aliyekuja hapa mkimbizi na familia yake, na ni mtu wa kutunza karatasi, maana ameona watu wakirudishwa mipakani kwa kukosa moja. Kule Kuwait alikuwa chini ya Velma. Asubuhi moja katika zile siku arobaini na saba alichelewa kwenye mstari, Velma akamwandikia ripoti, na ripoti hiyo ikamcheleweshea cheo kwa mwaka mzima. Hawakuwa wamesemezana tangu uwanja wa ndege.

"Nimpigie niseme nini?" akaniuliza. "Habari, ni yule aliyekuandika, naomba msaada?"

"Ndiyo," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka. "Sema hivyo hivyo."

Tulienda Burnsville Jumamosi mchana. Byamungu anakaa ghorofa ya pili ya nyumba za kupanga karibu na barabara kuu. Alitufungua mlango, akatukaribisha, mkewe akatuletea chai na maandazi, yeye akatuuliza habari za barabara na theluji ya kwanza. Heshima zote zilikuwepo. Habari hizo zilipoisha, Byamungu akasema, "Sema, Sajenti."

Akamweleza. Byamungu alisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani, akatoka na mkoba wa ngozi uliojaa bahasha. Hakutafuta sana. Akaweka mezani kurasa mbili zilizobanwa pamoja. Ukurasa wa kwanza, majina kumi na tisa. Ukurasa wa pili, namba kumi na tisa. Namba ya saba ilikuwa ya Velma.

Velma aliinyooshea mkono. Byamungu akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Utaichukua," akasema. "Lakini kwanza nikuambie kitu. Siku ile nilichelewa dakika kumi na mbili. Uliandika dakika kumi na mbili, na ni kweli. Nilikuwa kwa simu na dada yangu. Mama alikuwa salle d'opération, anapasuliwa, hapa Minneapolis. Sikujua kama atatoka."

"Hukuniambia," Velma akasema.

"Hukuniuliza. Ulisema, sababu haipo kwenye fomu."

Nilimwona Velma akitaka kujibu. Ninamjua, alikuwa na jibu, na pengine lilikuwa sahihi, kwa sababu sajenti haruhusiwi kusikiliza sababu za kila mtu saa kumi na moja alfajiri. Akaitazama ile chai.

"Mama alitoka?" akauliza.

"Alitoka. Yuko Fargo kwa dada yangu. Anatusumbua sote."

"Nilipaswa kukuuliza, Byamungu. Pole."

Byamungu akaondoa mkono. Hakusema amesamehe, na Velma hakumwomba aseme. Waliongea kidogo kuhusu masomo. Yeye alikuwa amemaliza mwaka mmoja wa ufundi wa mitambo ya joto na baridi kwa mafao hayo hayo, na chuo chake ni cha serikali, hakuna Yellow Ribbon wala nini. Tulipoaga, mkewe alitufungia maandazi kwenye karatasi. Kwenye gari Velma alilia kuanzia Burnsville hadi mto Minnesota, kisha akajipangusa, akasema, "Na yule karani naye, alishindwa nini kupiga kurasa mbili?"

Karatasi ikaenda. Mtu wa ofisi ya mbunge akafanya kama alivyoahidi. Katikati ya Desemba barua mpya ikafika: miezi thelathini na sita na siku ishirini na saba. Asilimia mia. Mwalimu Naftali aliisoma mara mbili, akauliza kama wametaja kurasa zake tatu. Hawakuwa wamezitaja.

Velma aliomba ruhusa kazini, akaipeleka barua kwa Bi Solveig mwenyewe, mkononi. Nilimngoja nje. Alipotoka uso wake ulikuwa umekakamaa kuliko nilivyowahi kuuona.

"Nafasi za Yellow Ribbon za mwaka huu zimejaa," akasema. "Zilijaa Agosti. Anayewahi ndiye anayepata. Zinafunguliwa tena Agosti."

Aliingia garini. Tulikaa pale, vioo vikaingia ukungu. Ndipo Bi Solveig akatoka nje bila koti, kwenye ile theluji, akagonga dirisha.

"Ulikimbia kabla sijamaliza," akasema, akihema. "Kile kiwango cha juu ni cha mwaka wa masomo, kuanzia Agosti mosi hadi Julai. Wewe hujatumia hata senti ya mwaka huu. Ukianza Januari, muhula mmoja hauwezi kukifikia. Unalipiwa wote. Yellow Ribbon huihitaji mpaka Agosti, na Agosti nitakuandika wa kwanza."

Velma akahesabu miezi kwa vidole. "Kwa hiyo Januari ningeweza kuanza hata kwa asilimia tisini?"

"Kwa kuongezea kidogo kutoka mfukoni mwako, ndiyo."

"Mbona hakuna aliyeniambia? Tangu Septemba nimeongea na watu wangapi?"

"Hukuniuliza kuhusu Januari," Bi Solveig akasema. "Na mimi sikufikiria. Nisamehe." Meno yalikuwa yakigongana kwa baridi. Velma akashuka, akamvalisha koti lake mwenyewe, akamrudisha ndani. Walikaa huko saa nzima wakijaza fomu.

Alianza wiki ya tatu ya Januari. Madarasani alikaa na mabinti wa miaka kumi na tisa waliopiga ubao picha badala ya kuandika. Posho ya nyumba ilichelewa miezi miwili, kwa sababu ambazo hakutaka hata kunieleza. Takwimu alipata C, na akaipinga. Fonetiki aliipenda: alirudi nyumbani akimwagiza baba yake atamke maneno ya Ekegusii huku ameshika koo, na Mwalimu, aliyekuwa hajafundisha wala kufundishwa kwa miaka tisa, alitamka kwa bidii mpaka wajukuu wakatoka chumbani kuja kuona kuna nini. Agosti Bi Solveig aliliandika jina lake juu kabisa ya orodha, akampigia simu saa mbili na dakika mbili asubuhi kumwambia.

Sasa amebakiza mihula mitatu. Kila mwisho wa mwezi simu yake inapokea ujumbe kutoka serikalini, ukimuuliza kama bado anasoma, ajibu ndiyo au hapana. Asipojibu, posho inasimama. Mwezi uliopita ujumbe uliingia akiwa maabara, mikono ndani ya glavu, akishikilia mfano wa plastiki wa zoloto, kile kisanduku cha sauti cha kooni, uliofunguka vipande viwili. Alivua glavu moja kwa meno, akajibu ndiyo, akaivaa tena. Baada ya dakika moja simu ikalia. Ujumbe ule ule, umetumwa mara ya pili.

Akavua glavu, akajibu ndiyo.